Gauni la Wahindi

Robi,

Salamu sikupi. Tumeonana asubuhi, umekunywa chai yangu, umeacha kikombe kwenye sinki mpaka utando wa maziwa ukakauka ndani, ukakimbilia Stratford kuagana na wenzako. Mtu anayesafiri kesho kwenda Marekani hana muda wa kuosha kikombe. Nimekiosha mimi. Sasa nimekaa hapa jikoni, mvua ya Harrow, hapa Uingereza, inanyesha ile ya kwao isiyoanza wala kumaliza, na nimeshika kalamu. Ukiona herufi zinapanda na kushuka kama mbuzi wa mlimani, vumilia. Niliishia darasa la tatu, na leo utajua kwa nini.

Sikuandikii habari za koti, wala chakula, wala wanaume. Koti unalo. Kupika hujui, na si kwamba sikujaribu. Wanaume utawajua kwa kuumia, kama tulivyowajua sisi wote. Nakuandikia kwa ajili ya kile kitu ulichoniomba, nikakunyamazia wiki nzima mpaka jana ukalia ili nikuonee huruma. Unalia vibaya, mke mwenzangu. Pua inavimba inakuwa kama ya babu yako. Usilie mbele ya watu huko.

Umeniomba maneno ya shukrani. Chuo chako kimekwambia kwamba siku ya kuwakumbuka waanzilishi wao utasimama kanisani mwao, mbele ya walimu na wazee wa kanisa na matajiri wanaowachangia, usome salamu za bibi yako Mwafrika aliyesomeshwa na misheni yao. Ukaniambia, kwa Kiingereza chako cha mbio, kwamba hiyo ndiyo sababu walikuchagua wewe wakaacha wengine: wewe ni mjukuu wa misheni. Ukaniambia ukifika mikono mitupu utaaibika. Hukusema watakufukuza, lakini nilikutazama macho. Unaogopa watakuona ni mzigo usio na kitu ndani.

"Mistari michache tu, Bibi. Nzuri nzuri."

Nzuri nzuri! Kama unaagiza maandazi.

Basi sikiliza, maana hukusikiliza siku ile uliponisomea historia yao hapa mezani. Wewe ulikuwa unasoma, mimi nilikuwa nasikia, na hayo ni mambo mawili.

Ulinisomea kwamba watu wa lile kanisa walikwenda na magari ya ng'ombe mpaka mwisho wa nchi Wazungu waliyokuwa wakiijua. Wakakata miti, wakalaza magogo, wakaziba nyufa kwa udongo. Shule ikawa chumba kimoja. Watoto wa walowezi walikaa upande wa moto, watoto wa wenyeji upande wa mlango. Mhubiri alifundisha kusoma, mkewe alifundisha kushona. Halafu serikali ikawapa ardhi zaidi, wakajenga bweni, wale watoto wa mlangoni wakalazwa hapo hapo wasirudi nyumbani jioni. Nikakuuliza, "Ardhi ya nani hiyo waliyopewa?" Ukasema, "Sori, Bibi, kitabu hakijasema." Ukasoma kwamba nyuma ya jengo la kwanza kuna kilima chenye misalaba midogo. Nikakuuliza, "Ya akina nani?" Ukasema, "Watoto. Magonjwa." Nikakuuliza majina. Ukasogeza kidole juu, ukasogeza kidole chini, ukasema hayajaandikwa. Kisha kitabu kikaendelea na habari za paa jipya.

Na hapo katikati ulisema, "Ilikuwa shule ya Wahindi, Bibi."

Nikasema, "Najua."

"Unajuaje?"

"Nilivaa gauni lao."

Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Ulidhani uzee umeanza kunila kichwa. Ukasema utamwambia mama yako anipeleke kwa daktari. Mwambie. Daktari akikutazama wewe kwanza, mimi nitasubiri.

Siku ya pili nilikwenda kwa Mama Nila. Unamjua jirani yetu, Mhindi wa Mwanza, mwenye Kiswahili kizuri kuliko chako. Nilimkuta uani anaanua nguo.

"Mama Nila, kumbe Wamarekani waliwajengea shule nyie Wahindi, na hamsemi!"

"Nani katujengea?"

"Wamarekani. Kule porini kwao. Mjukuu wangu anakwenda kusoma hapo hapo."

"Sisi? Bhoke, baba yangu alijenga duka kwa kuuza chumvi. Hakuna Mmarekani aliyetupa hata msumari."

"Basi ndugu zenu."

"Ndugu zangu wako Harrow, na wengine wako Stanmore wanajifanya hawanijui. Hakuna aliyepata shule Marekani. Muulize vizuri mtoto, masikio yako yamejaa pamba."

Nikarudi nimekasirika, nikakuuliza vizuri. Ndipo ukanionyesha picha kwenye hicho kioo chako. Ukasema si Wahindi wa dukani, ni Wahindi Wekundu, wenyeji wa Marekani, waliokuwapo kabla ya Wazungu kufika. Uliniambia huku unatafuna, kama kitu ambacho kila mtu anakijua.

Nilitazama ile picha mpaka kioo kikazima, nikakwambia uwashe tena. Wasichana wamepangwa kwenye ngazi, nywele zimekatwa usawa wa masikio, nyuso zimefungwa. Mmoja wa mstari wa mbele ameangalia pembeni, amempa mpiga picha bega. Vifungo vinaonekana. Vinashuka kutoka shingoni mpaka kiunoni, vidogo, vyeupe, vimesongamana kama meno.

Nilivijua vile vifungo, Robi. Nilikuwa navifunga kila siku.

Nilipomwambia Mama Nila, hakucheka. Alisimama na shuka la mwanawe mkononi. Akasema, "Walikuwa wanatutafuta sisi. Wakapotea baharini, wakafika kwa watu wengine, wakaona aibu kuuliza, wakawapa jina letu."

"Na kisha?"

"Na kisha wakawafundisha kuliitika."

Sasa nakwambia habari ya gauni. Mama yako anaijua nusu, wewe huijui hata robo.

Kwetu, milima ya Tarime, misheni ilikuwa na nyumba mbili za bati na kengele ya rimu ya gari. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kimarekani, mwembamba kama fito, na sisi tulimwita Mama Pipa kwa sababu vitu vyake vilikuja kwa mapipa kutoka kanisani kwao. Baba yangu alinipeleka kwa shingo upande. Siku ile ile waliniondolea jina. Mama Pipa alisema Bhoke hawezi kulitamka, hivyo Mungu naye hatalitamka, akanipa Rebeka. Nywele akazikata mwenyewe. Halafu akafungua pipa akatoa magauni. Samawati, kola nyeupe, vifungo mgongoni.

Robi, yalikuwa mazuri. Usije ukamsikiliza mtu anayekwambia tulilazimishwa kuyavaa tukilia. Mimi nilikuwa nimevaa kipande cha kaniki tangu kuzaliwa. Nililinusa lile gauni. Nilitaka kulala nalo.

Mama Pipa akatusimamisha mstari akatuhutubia kwa kile Kiswahili chake cha mguu mmoja. "Gauni hii ya heshima sana. Kule nyumbani kwangu, bibi yangu alishona gauni hii kwa mtoto wa Wahindi. Sasa ninyi pia."

Sisi Wahindi tuliowajua ni wa duka la Tarime mjini. Binti zao walivaa hariri, walivaa bangili za dhahabu, walikaa nyuma ya kaunta wakila pipi bila kuomba. Kwa hiyo tulipoambiwa hili ni gauni la watoto wa Wahindi, vichwa vilipanda. Tulikwenda kuteka maji tunatembea kama mabibi harusi. Watoto waliobaki nyumbani tuliwaambia, "Tupisheni, sisi tumevaa Kihindi." Nimeishi maisha yangu yote nikiamini hivyo. Nimekuja Uingereza, nimewaona Wahindi wa kila namna kwenye treni ya Metropolitan, na kila nikimwona binti yao amependeza moyoni nasema, mimi nawe tulishonewa na mtu mmoja. Mpaka ukanionyesha picha. Wale hawakuwa na duka wala bangili. Wale walikuwa sisi, ila tu walitangulia.

Sasa vile vifungo. Gauni linalofungwa mgongoni huwezi kulivaa peke yako, wala kulivua. Asubuhi tulipanga mstari, kila mmoja anamfunga aliye mbele yake. Jioni tunapanga tena, tunafunguana. Katikati ya hapo ni marufuku, hata jua likuchome vipi. Msichana akitoroka anatoroka na gauni, na kila anayemwona anajua ametoka wapi. Mama Pipa aliitangaza sheria hiyo siku ya kwanza, kidole juu:

"Katika shule hii, msichana hapana kujifungua mwenyewe!"

Tukaangua kicheko. Wakubwa walijiziba midomo kwa kola. Mmoja akajibu kutoka nyuma, "Ndiyo, mama, tutamsubiri mkunga!" Maskini hakujua amesema nini. Alidhani tunafurahia sheria. Akatabasamu, akairudia.

Aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari aliitwa Wegesa. Wao walimwita Marta. Alikuwa na sauti ya kuimba, mimi sauti yangu unaijua. Mtoto wa mjane, hana kitu, alilipenda gauni kuliko mimi. Akatokwa na jipu katikati ya mabega, mahali mkono wa mtu mwenyewe haufiki. Nililiona mimi, maana ndiye niliyekuwa namfungua. Mwanzo lilikuwa kama punje ya mtama. Baadaye likawa kama yai.

Akaniambia, "Rebeka, usiseme. Nikienda chumba cha wagonjwa wananivua gauni wanampa mwingine." Ilikuwa kweli. Waliokuwa wakiugua walirudishwa kwenye kaniki, na gauni lilipata mtu siku hiyo hiyo.

Nikamwambia, "Sisemi. Usilipoteze."

Ndivyo nilivyosema. Usilipoteze. Na kila asubuhi nikawa namfunga juu ya lile jipu, navuta kitambaa, yeye anauma kidole. Kitambaa kilikuwa kinaganda, jioni nakibandua kwa maji. Harufu ikaanza. Mama Pipa akapita, akanusa, akamwambia aoge vizuri, usafi unamkaribia Mungu. Nikajua ninachokifanya. Usiniambie nilikuwa mtoto. Mtoto anajua harufu ya kitu kinachooza, hata kuku anajua.

Jumapili moja wakaja wageni kutoka Marekani, kutoka huko huko unakokwenda, wazee wa kanisa na kamera. Tukapangwa mbele ya jengo, kwaya. Wegesa mbele kwa sababu ya sauti, mimi nyuma yake. Jua la mchana. Alikuwa anatetemeka na jasho limelowesha kola. Katikati ya wimbo akageuza shingo kidogo akasema kwa Kikurya, lugha iliyokatazwa pale, "Bhoke. Nifungue."

Jina langu hakuna aliyekuwa amelitaja tangu niingie mle.

Nikanyoosha mkono. Mama Pipa akanitazama. Mkono wangu ukasimama hewani. Hapo ndipo walipopiga picha. Kama ile picha ipo, ipo chuoni kwenu kwenye kabati fulani, na chini yake wameandika kitu kuhusu furaha. Ukiiona, mimi ni yule mwenye mkono hewani. Usije ukadhani nilikuwa napunga.

Tulimaliza wimbo, beti zote. Ndipo akaanguka. Nikamrukia nikavikata vifungo kwa meno, kimoja kimoja, vinanirukia usoni, nikamwacha mgongo wazi mbele ya wageni. Walichokiona sikuandikii, maana nitakula hapa mezani baadaye. Mgeni mmoja wa kike alitapika. Mama Pipa akamfunika Wegesa kwa kitambaa cha meza.

Alifia njiani, kwenye lori la misheni, kabla hawajafika hospitali. Mimi nilirudishwa nyumbani wiki ile. Sababu aliyopewa baba yangu ni kwamba nimemvua mwenzangu nguo mbele ya wageni na kuharibu mali ya misheni. Baba alifurahi kunipata, akaniozesha mapema. Hilo ndilo darasa langu la tatu.

Na Mama Pipa alikaa usiku mzima akishona vifungo vipya. Alilia kweli kweli pale kaburini, machozi si ya kuigiza. Alimzika na gauni. Mama yake Wegesa, yule mjane, aliomba amvishe mwanawe ngozi ya kwao. Akaambiwa tayari amekwisha kuvaa. Amefungwa mpaka shingoni.

Sasa umeelewa kwa nini nilinyamaza ulipotaka mistari mizuri mizuri?

Ngoja, sijamaliza. Unadhani baada ya hapo nililichukia lile gauni. Ningekuwa na akili ningelichukia. Nilipompata mama yako nilipeleka kitambaa cha samawati kwa fundi, nikamwelekeza kola nyeupe, nikamwambia vifungo viwe mgongoni. Fundi akasema, "Mama, mtoto ataendaje chooni?" Nikamwambia ashone, asinifundishe. Nilitaka watu wa kanisani wajue mtoto wa Bhoke amevaa kama mtoto wa Wahindi. Mama yako alijikojolea shuleni kwa sababu hakuna wa kumfungua, akarudi amelowa, nikamchapa kwa kuharibu gauni. Nilimchapa kwa neno lile lile. Kuharibu.

Yeye hajasahau, wala simwombi asahau. Mama yako leo anafanya kazi ya kuwavua nguo wazee wa Kizungu wasiojiweza, anawafungua vifungo, anawaosha, ndiyo imekulisha wewe. Siku moja alikuwa anakula pale ulipozoea kukaa, amerudi kazini amechoka, akaniambia bila kunitazama:

"Mama, kazini huwa namwuliza mtu kwanza. Hata asiyesikia. Nasema, naomba nikufungue. Nakaa nangoja."

"Vizuri," nikasema.

"Wewe hukuwahi kuniuliza."

"Ungesema nini ungeulizwa?"

"Sijui. Ndiyo hivyo sijui."

Akaosha sahani yake, akalala. Yeye anaosha sahani.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekilipia ghali kuliko nauli yako. Ukipewa kitu kizuri, kizungushe uone nyuma yake. Basi. Sikwambii ukikatae. Mimi sikukataa, na ningepewa tena pengine ningevaa tena, maana kaniki ilikuwa inawasha. Nakwambia uzungushe.

Wewe umeshavishwa, usijione mjanja. Tangu uanze shule hapa unajiita Robyn. Nilimwuliza Mama Nila maana yake, akanionyesha kandege kenye kifua chekundu kwenye uzio wake, kanakula makombo. Mjukuu wa Bhoke, kandege ka makombo! Nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, na hapo hata hakuna aliyekukataza. Sisi tulichapwa ili tusiseme lugha yetu. Wewe umejichapa mwenyewe, umempunguzia Mama Pipa kazi.

Utakwenda. Sikuzuii, na mama yako amevunjika mgongo kwa ajili yako. Utakwenda ukae kwenye madarasa yaliyojengwa juu ya ardhi ya wale wasichana wa ngazini, na wewe si ndugu yao wala si adui yao, ni mgeni wa watu waliowavisha. Kaa usome. Pale pana vitabu, na vitabu havina kosa. Ila ukifika, kabla hujafungua begi, panda kile kilima. Usiwaimbie, usiwapelekee maua, usipige picha. Waamkie. Sema shikamooni, maana ni wakubwa kwako. Halafu ondoka.

Sasa maneno yako haya hapa. Yamenichukua siku nzima na chai imepoa. Ndiyo haya, usiongeze la kwako:

"Mimi ni Bhoke. Mliniita Rebeka. Gauni lenu nililivaa, na lilikuwa zuri. Vifungo vilikuwa mgongoni. Wegesa, mliyemwita Marta, amelala nalo hadi leo, na wale wa kilimani kwenu wamelala na yao. Asanteni kwa kitambaa."

Utayasoma kwa Kiswahili. Polepole, na kichwa juu. Watapiga makofi. Mzungu akisikia asante hupiga makofi, hilo neno analijua tangu alipokwenda kutazama simba. Waache wapige. Simama uwatazame wakipiga, usitabasamu, hata midomo ikuwashe. Ndiyo sehemu ngumu, na wewe umezoea kutabasamu kwa kila mtu kama mwenye duka.

Usiwatafsirie. Wakikuuliza wakubwa, "Bibi yako amesema asante?" jibu ndiyo, maana nimesema. Lakini kama atatokea mtu, awe mkubwa au mfagizi, akaja kwako baadaye akasema, "Yale maneno yana maana gani, moja moja?" mwambie yote. Usimfichie hata jipu. Huyo ndiye mtu wako huko. Anaweza kuwa mmoja. Anaweza asiwepo kabisa, na miaka yako yote ya masomo ukaimaliza umezungukwa na watu waliopiga makofi. Usinipigie simu ukilia. Utakuwa umejua kitu.

Na wakikunyang'anya nafasi kwa ajili ya maneno ya bikizee, rudi. Kitanda chako hakiendi popote. Nitakutukana mwezi mzima, kisha nitakupikia.

Ukirudi jioni hii nitakusimamisha hapa jikoni, mbele ya mama yako kabla hajaenda kazini, uyasome kwa sauti. Ukikwama kwenye "mliyemwita" unaanza upya. Hakuna kula kabla hujayaweza. Mama Nila nimemwalika aje asikilize. Amesema atakuja na chapati, na kwamba ukikosea atasema wazi, kwa niaba ya Wahindi wote.

Jambo la mwisho, na hili hulijibu, unalifanya. Mimi nimezeeka, na wewe utakuwa mbali. Itakapotokea, mama yako atachanganyikiwa, watu wa kanisa watakuja na mapendekezo, na watataka kunivika kitu cha heshima. Panda ndege uje usimame mlangoni. Gauni wachague lolote, hata la samawati. Ila vifungo viwe mbele.

Nitajifungua mwenyewe.

Bibi yako,
Bhoke